Pikipiki ya safari ndefu: anza na kilomita thelathini mbaya

Jumamosi moja asubuhi mtoto wa dada yangu alinikuta barazani kwangu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, nikinywa chai, akanisogezea simu usoni.

"Manseba, tazama. Kuko muzungu moya wa ku mine anarudia kwabo, anauzisha moto yake. Elfu na mia mbili!"

Manseba ni mjomba, na ndivyo anavyopaswa kuniita. Kwamba Lubumbashi nzima sasa inawaita hivyohivyo vijana wa teksi za pikipiki, hiyo ni bahati mbaya yangu. Sokoni nageuka bure mara kumi kwa siku.

Moto ni pikipiki, na elfu na mia mbili ilikuwa ujazo wa injini, kwa cc. BMW GS, masanduku mawili ya aluminiamu ubavuni, kioo kirefu mbele, rangi bado inang'aa. Kijana amekusanya pesa miaka mitatu. Anataka kwenda Pweto, kwenye Ziwa Moero, wakati wa kiangazi. Na mwaka unaofuata, barabara na usalama vikiruhusu, apite Moba hadi Kalemie akalione Ziwa Tanganyika. Pikipiki aliyoizoea ni TVS ya cc 125 anayoendea kazini. Swali lake lilikuwa fupi: ninunue? Jibu langu lilichukua wiki mbili.

Kinachochanganya watu hapa ni wingi wa habari. Karatasi ya pikipiki moja ya kisasa ina namba arobaini: nguvu za farasi, msokoto (nguvu ya injini ya kuzungusha), ujazo, kipenyo cha pistoni, aina tano za kuendesha za kuchagua kwa kidole. Namba zote ni za kweli, ila karibu zote zinaieleza pikipiki ikiwa kwenye barabara nzuri. Ukizisoma moja moja utaishia kununua ile yenye namba kubwa, kama mtu anayechagua mke kwa urefu.

Mimi huanzia upande mwingine. Chukua njia unayotaka kupita, itafute sehemu yake mbaya kuliko zote, hata kama ni kilomita 30 tu kati ya 400, kisha jiulize: hapo, peke yangu, saa kumi jioni, nimechoka, ningependa niwe nimekalia nini? Kwenye lami kila pikipiki inakwenda. Kutoka hapa Lubumbashi hadi Likasi, kisha Kolwezi, ni kama kilomita 300, na hata pikipiki ya kichina iliyofungwa waya inafika. Hatari huko ni malori ya migodi. Lakini shika njia ya kaskazini mashariki. Lami inapokwisha unaanza udongo mwekundu, unapita kati ya vichuguu virefu kuliko nyumba, unafika Kasomeno ambako njia moja inakwenda Kasenga kwenye mto Luapula na nyingine inapanda kuelekea Kilwa na Pweto. Kiangazi barabara huota matuta madogomadogo yaliyopangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na kwenye mabonde malori yamechimba mifereji miwili iliyojaa mchanga laini. Mvua zikianza, Novemba hadi Aprili, udongo uleule unakuwa sabuni. Hapo ndipo pa kuchagulia pikipiki.

Tulikwenda kuiona BMW hiyo. Mwenyewe alikuwa mtu mwungwana, wala hakukasirika nilipomwomba tutandike godoro kuukuu uani na kuilaza pikipiki yake juu yake. Alicheka tu. Nikamwonyesha kijana namna ya kuinua: usukani ukate mwisho, geuza mgongo, egemeza makalio kwenye siti, shika chini, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu bila kuvuta kwa kiuno. Mara ya kwanza aliiinua, akatabasamu. Mara ya pili ilifika nusu akaiachia. Mara ya tatu hakuiondoa kwenye godoro. Na hapo palikuwa na sakafu ya saruji, asubuhi ya baridi, bila mzigo hata mmoja.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukitazama video ya mtu anayerusha pikipiki ya namna hiyo juu ya kilima cha mchanga, inaonekana pamba. Hujui amepumzika mara ngapi, wala nani alisimama nyuma ya kamera akisubiri kumsaidia kuiokota.

Wanunuzi wengi wanadanganyika kwenye uzito kwa sababu pikipiki moja ina uzito wa aina tatu. Upo uzito mkavu, ambao viwanda vingine bado hupenda kuutangaza: bila esansi, yaani petroli, bila mafuta ya injini, wakati mwingine hata bila betri. Upo uzito wa pikipiki iliyojazwa kila kitu, tayari kuwashwa. Na upo uzito wa safari, ambao hakuna karatasi inayouandika: mikoba, hema, spana, mipira ya akiba, maji ya kunywa, sufuria ambayo mama alisisitiza uibebe. Lita moja ya esansi ni kama robo tatu za kilo, kwa hiyo tangi la lita 20 peke yake ni kilo 15. Ile GS ina kama kilo 240 ikiwa tayari kuwashwa. Ifunge masanduku na vyote vya ndani, unakaribia 290. Yamaha Ténéré 700 ina kama 205. Royal Enfield Himalayan, ile ya cc 411, inakaribia 200. Suzuki DR650, ingawa injini yake ni kubwa zaidi kwa zaidi ya cc 200, ina 166 tu. Honda CRF300L ni 142, na Honda XR150L iko chini kidogo ya 130.

Kuhusu mzigo nina kipimo cha kizamani. Misafara iliyotembea kati ya Unyamwezi na Katanga, njia ambayo mtawala Msiri na watu wake Bayeke waliijia katika karne ya 19 hadi wakajenga mji wao wa Bunkeya, ilimpa kila mpagazi kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Waliojua kusafiri kwa miezi walikubaliana kwenye kiasi hicho, na mimi sijaona kwa nini pikipiki ya mtu mmoja ibebe zaidi.

Basi kwa nini pikipiki kubwa ndizo zinazopamba matangazo, tena zikiwa zimepigwa picha jangwani? Jibu limo katika mashindano ya Paris–Dakar, mbio za jangwani za magari na pikipiki. Ya kwanza yaliisha Januari 1979, na mshindi, Mfaransa Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT 500, pikipiki ya silinda moja ambayo fundi yeyote angeielewa. Mwaka 1980 BMW walitoa R 80 G/S yenye silinda mbili, Hubert Auriol akashinda nayo Dakar ya 1981, na hapo likazaliwa wazo la pikipiki kubwa ya kwenda popote. Kuanzia hapo viwanda vilishindana kwa ukubwa: 800, 1,000, 1,150, sasa 1,300. Ila mashindano yenyewe yaligeuka. Tangu 2011 waandaaji wa Dakar wamezuia injini za pikipiki zisizidi cc 450. Yaani watu wanaokula kwa kukimbia mchangani wanapanda 450, na anayekwenda kazini kwa lami anauziwa 1,300 yenye picha ya mchanga.

Siidharau GS. Mjerumani anayekwenda Italia na mkewe nyuma, kilomita 130 kwa saa siku nzima, anaihitaji, na hakuna kinachomfaa zaidi. Njia yake mbaya kuliko zote ni mvua kwenye lami. Lakini Mwingereza Ted Simon aliondoka kwao mwaka 1973 akaizunguka dunia, akashuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, akarudi 1977 akiwa amepita kilomita 100,000, yote juu ya Triumph ya cc 500 iliyokuwa ya kizamani hata siku anainunua.

Tuje kwenye nguvu, maana kijana hakuachia haraka. "Sasa farasi 125 ni kwa kazi gani?" Kwa kazi ya mwendo wa kasi, nikamwambia. Nguvu za farasi hupimwa injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Upinzani wa hewa huongezeka haraka sana kadiri unavyokimbia, na ndio unaozila. Kwa kilomita 50 kwa saa kwenye mchanga hutumii hata farasi 15. Kinachokutoa mchangani ni msokoto wa chini: injini ivute bila kukohoa wakati inazunguka polepole, ili usilazimike kuchoma klachi. Silinda moja ndefu ya kizamani inafanya hivyo vizuri kuliko injini nyingi za mashindano.

Hata hivyo usiende upande wa pili ukawa bahili. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila mita 100. XR150L yenye farasi 12 pwani ya Dar es Salaam, hapa ina kumi na kidogo. Ukiongeza mzigo na mlima, unapanda Kundelungu kwa gia ya pili ukihesabu miti. Na kwenye lami ya Likasi, kulipita lori la mgodi kwa pikipiki ya cc 125 ni kazi ya sala. Ndiyo sababu kwa mtu mmoja mwenye mzigo nasema kati ya 150 na 450, ukiegemea juu ikiwa safari yako ina lami nyingi.

Magurudumu ndiyo sehemu ambayo wauzaji huipita mbio, nami naipenda kuliko zote. Gurudumu la mbele la inchi 21 likikutana na ukingo wa shimo linaugusa kwa pembe ya taratibu, linapanda. La inchi 17 linaingia shimoni lenyewe. Kwenye mchanga lile kubwa jembamba linakata na kushika njia, dogo pana linaogelea. La inchi 19 ni suluhu ya katikati: linakubali lami bila kugoma udongoni. Rimu ya spoki hupinda na kunyooshwa kwa nyundo chini ya mwembe. Ya kumimina ikipata ufa umeshika njia ya lori. Kisha swali la tyubu. Mpira usio na tyubu unazibwa kwa kijiti cha gundi bila kuvua gurudumu, dakika kumi, ni raha. Lakini rimu ikipinda pembeni upepo hautakaa, na kijijini hakuna kompresa ya kuukalisha mpira kwenye ukingo. Tyubu ina usumbufu wa kuvua kila kitu, ila kila kituo chenye manseba wawili kina mtu wa kuziba tyubu. Kwa Pweto nachukua tyubu. Na hila moja ya wasafiri: ukiwa huna nafasi ya akiba mbili, beba ya inchi 21, kwa shida inaingia hata kwenye gurudumu la nyuma la 18 hadi ufike mjini.

Springi za mbele na nyuma, amotisere, zipimwe kwa urefu wa kushuka. Milimita 200 zinakutosha mbavu zile za barabara. 120 za pikipiki ya mjini zitagonga mwisho kila shimo, na kinachovunjika baadaye ni fremu ya nyuma inayobeba mizigo. Urefu huo una gharama: siti inapanda. Ténéré iko sentimita 87 na nusu kutoka ardhini, Himalayan 80. Mtu mfupi anayegusa chini kwa vidole tu ataanguka akiwa amesimama, jambo ambalo nimelifanya mbele ya kanisa zima likitoka misa.

Kwenye esansi watu hushangaa. Wanadhani tangi kubwa ndilo linalokwenda mbali. GS hunywa kama lita tano na nusu kwa kilomita 100; kwa lita 20 unapata 360 hivi. XR150L ina tangi la lita 12 na hunywa mbili na nusu: 480. Himalayan kwa lita 15, ikinywa tatu na ushee, inafika 450. CRF300L, pikipiki nzuri mno kwenye matope, hutoka kiwandani na tangi la lita 7.8, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Anayeinunua aweke hesabu ya tangi lingine. Kisha punguza theluthi moja katika namba zote hizo, maana mchanga unakunywesha.

Nje ya miji mikubwa utanunua kwa kadhafi, yaani muuza esansi wa barabarani, chupa kwa chupa, na huko swali ni ubora. Kitambaa kinachuja uchafu lakini hakizuii maji. Mimina kwanza kwenye chupa nyeupe, subiri. Maji ni mazito, yatashuka chini utayaona. Injini zenye mgandamizo mkubwa, 12 au 13 kwa moja, zimetengenezwa kwa esansi nzuri. Zikipewa duni zinagonga ndani kama mtu anayepiga sufuria, na pistoni hailipwi. Zenye 9.5 kwa moja, kama DR650 na Himalayan ya 411, hula chochote.

Hapa ndipo mafundi wa Lubumbashi hugombana: kabureta au injeksheni? Injeksheni inajirekebisha yenyewe kwa mwinuko, inabana matumizi, inawaka asubuhi ya baridi ya Juni bila kubembelezwa. Lakini pampu yake imekaa ndani ya tangi, ikila uchafu wa kila kadhafi, na ikifa ghafla hakuna cha kufanya barabarani ila kubeba nyingine. Kabureta itaziba mara tano, na mara tano utaifungua kwa bisibisi, utapuliza kitobo kwa mdomo, utaondoka na ladha ya esansi ulimini. Mimi ni wa kabureta, lakini najua ni umri wangu unaosema. Pikipiki mpya za kuuzwa Ulaya karibu zote ni injeksheni. Anayeinunua abebe chujio na ajue pampu yake iko wapi.

Kabla ya kununua pikipiki yoyote nenda kwa wauza vipuri ukaulize vitu vitatu: sahani za klachi, pedi za breki ya mbele, waya wa klachi. Kwa Boxer, TVS au Haojue utajibiwa "ngapi?" Kwa XR150L utaambiwa urudi kesho. Kwa ile GS tuliambiwa Johannesburg, kama kilomita 2,000 kutoka hapa, na forodha ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko katikati. Klachi hiyo ikiungulia Kilwa, safari imekuwa ya lori.

Umeme mwingi haunitishi kama zamani, ila hakikisha breki za ABS zinaweza kuzimwa angalau nyuma. Kwenye udongo mlegevu gurudumu lililofunga hukusanya udongo mbele yake na huo ndio unaokusimamisha. ABS, ikiona gurudumu limefunga, inaliachia, nawe unaendelea na safari kuelekea mtoni. Kiki ya mguu ni neema ambayo viwanda vimeinyang'anya dunia bila kuulizwa. Yamaha AG200, iliyobuniwa kwa wafugaji wa Australia, inayo, pamoja na cheni iliyofunikwa vumbi lisiingie na stendi pande zote mbili. Haina sura, lakini waliowahi kuendesha pikipiki za misheni wanajua ninachosema. Masanduku ya aluminiamu yanapendeza hadi mguu wako unase kati ya sanduku na ardhi. Mikoba ya turubai, basi.

Makaratasi nayapita haraka: ukivuka Kasumbalesa kwenda Zambia unahamia kushoto, kwa hiyo jipe nusu siku ya kuwa mwangalifu kwenye mizunguko, na ulizia bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile inayokubalika nchi jirani, kabla hujafika mpakani.

Kijana hakununua BMW. Pesa yake ilitosha Himalayan iliyotumika au XR150L mpya na mabadiliko. Kwa kuwa anakwenda peke yake na njia yake mbaya ni mchanga, nilimsukuma kwenye XR. Alinuna siku mbili. Angekuwa anakwenda Lusaka na mchumba wake ningemwambia Himalayan bila kusita. Angekuwa na miguu mirefu, miaka kumi ya udongo na pesa mara tatu, Ténéré.

Tukaipakia mzigo wote wa Pweto, frasila mbili kamili zilizopimwa kwa mizani ya muuza unga, tukaenda Kasenga kwanza, yeye mbele, mimi nyuma nikimeza vumbi lake. Alianguka mara nne mchangani na mara nne akaiinua kabla sijashuka kwenye yangu. Tulirudi Jumapili usiku: bolti mbili za kariya zimepotea, mkoba wa kulia umetobolewa na joto la ekzosi, na sufuria ya mama imebonyea. Jumatatu alikuwa kwa fundi anachomelea kipande cha bati cha kuzuia joto. Sufuria aliiacha nyumbani.